Taya na Meno ya Wanyama Wenye Uti wa Mgongo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni kwa walimu wa baiolojia, wanafunzi, wafugaji, wavuvi, na yeyote aliyewahi kula kichwa cha samaki akakuta kidude chenye vijimeno kooni akashindwa kukielewa. Maneno machache ya kuanzia: jino la kawaida lina enameli nje, dentini ndani yake, na katikati kiini chenye mishipa ya damu na neva. Enameli ni madini kwa takriban asilimia 96 ya uzito wake, dentini takriban asilimia 70. Hakuna kitu kigumu zaidi ya enameli katika mwili wako.

Taya lilitoka wapi?

Lilitoka kwenye safu ya matao ya shingoni, safu ileile inayobeba matamvua ya samaki. Samaki wa kwanza hawakuwa na taya. Jamaa zao wawili wapo mpaka leo, lamprei na hagifishi. Lamprei ana mdomo wa duara unaonata kama kikombe cha kufyonza, na vijimeno vyake ni keratini, maada ileile ya kucha zako. Havina enameli wala dentini.

Kila kiinitete cha mnyama mwenye uti wa mgongo huota matao hayo. Kwa binadamu yanaonekana wiki ya nne ya mimba. Tao la kwanza hujenga taya, la juu na la chini. La pili hutoa sehemu ya mfupa wa ulimi na kamfupa kamoja ka sikio. Yanayofuata, kwa samaki hubeba matamvua, na kwetu hutoa gegedu (mfupa laini) za koo.

Taya la juu na la chini ni pacha waliotofautishwa na jeni. Mwaka 2002 watafiti walieleza panya wa maabara waliozimwa jeni mbili, Dlx5 na Dlx6. Taya lao la chini lilijijenga kwa umbo la taya la juu, mpaka masharubu yakaota kidevuni.

Kipi kilitangulia, jino au taya?

Dentini ilitangulia. Samaki wa kale wasio na taya walivaa magamba mazito ya mfupa yenye vinundu vya dentini juu yake. Papa bado ana ngozi ya namna hiyo. Mpapase kutoka mkiani kuelekea kichwani utahisi msasa, kwa sababu kila kigamba chake ni kijino kamili chenye kiini, dentini na ganda gumu la nje.

Meno halisi ya mdomoni yaliyo ya kale kuliko yote yanayojulikana yalitoka jimbo la Guizhou, China, na kutangazwa mwaka 2022: ni ya samaki aitwaye Qianodus, wa miaka milioni 439 iliyopita. Lakini taya halikulazimika kuwa na meno ili liue. Dunkleosteus, samaki mwenye deraya aliyeishi miaka milioni 360 hivi iliyopita, alikata mawindo kwa mabamba ya mfupa yaliyojinoa yenyewe kila yaliposuguana.

Kwa nini papa hapati pengo?

Meno yake hayakupandwa kwenye mfupa. Yamekaa juu ya utando wa fizi unaosogea taratibu kutoka ndani ya taya kuja nje, na nyuma ya kila jino lililo kazini kuna mengine yamelala yakisubiri zamu. Likidondoka la mbele, la nyuma linasimama. Ndiyo maana ukichemsha taya la papa kulisafisha unaishia na bakuli la meno na gegedu iliyolainika: joto huyeyusha utando unaoyashika. Taya la papa hukwanguliwa kwa kisu na kukaushwa kivulini likiwa limepanuliwa kwa vijiti. Haliingii sufuriani.

Ni kweli samaki ana taya jingine kooni?

Ni kweli, na hapa Afrika Mashariki tuna mifano bora kuliko karibu popote duniani. Samaki wengi wenye mifupa wana vibamba vya meno nyuma ya matamvua, vinavyotokana na matao ya mwisho ya safu ile tuliyoitaja. Kwa jamii ya sato na furu, mifupa miwili ya chini imeungana kuwa kibamba kimoja cha pembetatu, na vibamba viwili vya juu vinasaga dhidi yake vikiegemea chini ya fuvu. Kazi ikagawanyika: taya la mdomoni linakamata, la kooni linasaga. Mdomo uliokwisha kuachiwa mzigo wa kutafuna ulikuwa huru kuchukua umbo lolote, na wanabiolojia wengi wanaona hii ni mojawapo ya sababu za furu kugawanyika kuwa mamia ya spishi katika Ziwa Victoria, Tanganyika na Nyasa.

Kuliona mwenyewe, chukua kichwa cha sato wa nusu kilo au zaidi:

1. Kitumbukize kwenye maji yaliyo karibu kuchemka kwa dakika 5 hadi 8. Yasitokote.
2. Funua kifuniko cha shavu, kata matamvua yote kwa mkasi, upande hadi upande.
3. Nyuma kabisa, mahali koo linapoanza, utagusa pembetatu yenye ncha inayotazama mbele. Ikate pembeni uitoe nzima.
4. Juu yake, chini ya fuvu, bandua vibamba viwili kama mito midogo ya kulalia. Hivyo ndivyo taya la juu la kooni.
5. Piga mswaki mlaini na maji ya sabuni, kisha tazama kwa lenzi.

Kosa la kawaida ni kuchemsha dakika 20. Kichwa kinasambaratika na vibamba vya juu vinapotelea kwenye mchuzi. Kosa la pili ni kuloweka kwenye jiki: meno ya sato ni membamba kama nywele ngumu na yatang'oka yote. Ukifanya hivyohivyo kwa sangara hutakuta pembetatu iliyoungana, maana yeye si wa jamii hiyo.

Furu mmoja anayekula konokono, Astatoreochromis alluaudi, anastahili kutajwa. Akikulia kwenye konokono wengi, kibamba chake huwa kinene chenye meno ya duara kama magego. Akilelewa kwa chakula laini, kibamba hubaki chembamba. Jeni ni zilezile, mlo ndio umebadilisha mfupa. Na Ziwa Tanganyika lina Perissodus microlepis, anayeishi kwa kunyofoa magamba ya samaki wenzake: baadhi wana mdomo uliopinda kulia na hushambulia ubavu wa kushoto, wengine kinyume chake. Utafiti uliochapishwa mwaka 1993 ulionyesha kwamba idadi ya makundi hayo hupanda na kushuka kuzunguka nusu kwa nusu, kwa kuwa samaki wanaowindwa hujihadhari zaidi na upande unaoshambuliwa mara nyingi.

Baharini, mkunga hulirusha taya lake la kooni mbele mpaka mdomoni, linashika windo na kulivuta ndani. Pono anasaga matumbawe kwa taya la kooni, na sehemu ya mchanga mweupe wa fukwe zetu imepita humo.

Nyoka hutegua taya lake anapomeza?

Hapana. Hakuna kinachoteguka. Nusu mbili za taya la chini hazikuungana kidevuni, zimeunganishwa na kano inayonyumbuka. Nyuma, taya halikuegemea fuvu moja kwa moja bali linaning'inia kwenye mfupa mrefu unaobembea. Nyoka huvuta upande mmoja mbele, akang'ata, akavuta wa pili, na hivyo "kutembea" juu ya windo. Chatu hana jino la sumu. Ana safu za meno yaliyopinda kuelekea kooni, ndiyo maana aliyeng'atwa naye asivute mkono kwa nguvu: nyama itachanika.

Kwa wenye sumu, tofauti iko kwenye mfupa mmoja wa taya la juu. Kwa swila mfupa huo haukunjiki na jino ni fupi, limesimama mbele. Kwa kifutu mfupa ni mfupi na unazunguka kama bawaba, hivyo jino linalokaribia sm 2 hulala kwenye paa la mdomo na kusimama anapogonga. Nyuma ya jino la sumu huwa kuna mengine yanayokua, na yale hushika zamu. Kwa hiyo nyoka "aliyeng'olewa meno" na wachezesha nyoka asichukuliwe kuwa salama.

Mbona mdomo wa mamba unafungwa kwa kamba tu?

Misuli inayofunga ni mikubwa mno, inayofungua ni midogo. Kamba imara au mkanda wa mpira unatosha kuuzuia usifunguke, ila kuufungua ukishafunga ni habari nyingine. Meno yake yamesimama kwenye mashimo ya mfupa kama yetu, lakini kila moja lina mrithi chini yake maisha yote. Jino la mamba lililookotwa mtoni mara nyingi ni tupu ndani, kwa sababu mrithi alikuwa ameanza kula mzizi wake kutoka chini.

Nimesoma kwamba mifupa ya sikio letu ilikuwa taya. Hili linawezekanaje?

Swali hili huulizwa kwa mashaka, na mashaka hayo ni halali. Jibu ndilo mojawapo ya visa vilivyothibitishwa vizuri zaidi katika elimu ya mageuko.

Taya la chini la mjusi lina mifupa kadhaa, na bawaba yake inaundwa na mifupa miwili ya nyuma. Taya la chini la mamalia kila upande ni mfupa mmoja tu, na bawaba yake ni mpya: mfupa wenye meno unagusana na fuvu mbele ya sikio. Weka vidole hapo ufungue mdomo, utausikia ukiteleza. Mifupa miwili ya bawaba ya zamani ilienda wapi? Mwaka 1837 Mjerumani Karl Reichert, akichunguza viinitete, aliona kwamba inaishia sikioni: mmoja ni nyundo, wa pili ni fuawe. Mtambaazi ana kamfupa kamoja cha kusikia, kikuku. Sisi tuna vitatu.

Mtu atauliza: mnyama wa katikati alitafunaje huku bawaba inahamishwa? Alikuwa na bawaba mbili kwa wakati mmoja. Morganucodon, mnyama mdogo wa ukubwa wa panya aliyeishi miaka milioni 205 hivi iliyopita, ana ya zamani na mpya zimekaa ubavuni kwa ubavu. Mpya ilipokomaa, ya zamani ikawa huru kwa kazi ya kusikia, ambayo tayari ilikuwa ikiifanya kidogo kwa kupitisha mtetemo. Jamaa wa ukoo huo, wakiwa bado na mifupa mikubwa ya nyuma ya taya, wanachimbuliwa bonde la Ruhuhu, kusini mwa Tanzania.

Ushahidi mwingine umo mwilini mwako. Msuli mdogo unaokaza ngoma ya sikio unaendeshwa na neva ileile inayoendesha misuli ya kutafuna. Ukiujua ukoo wa nyundo hilo halishangazi hata kidogo. Na watoto wa wanyama wenye pochi, kama oposamu, huzaliwa kabla bawaba mpya haijajengeka. Kwa wiki za mwanzo wananyonya kwa ile ya zamani.

Kwa nini sisi huota meno mara mbili tu?

Mamalia hutafuna, na kutafuna kunadai meno ya juu na ya chini yakutane kwa usahihi wa sehemu ndogo ya milimita. Meno yanayodondoka kila mwezi hayawezi kukutana hivyo. Mtoto hunyonya wakati taya likikua, huota meno 20 ya utotoni, kisha 32 ya kudumu: kila robo ya mdomo ina meno mawili ya mbele, chonge moja, magego madogo mawili na makubwa matatu.

Tembo alitafuta njia yake. Kila robo ya mdomo hupewa magego sita kwa maisha yote, ila hayaoti yote pamoja: hutokea nyuma na kusukumana mbele, la mbele likimomonyoka vipandevipande. La sita likiisha, umri ukiwa miaka 60 na kitu, tembo hawezi tena kusaga nyasi. Pembe zake, kwa jina tu ni pembe. Ni meno ya mbele ya taya la juu, dentini karibu tupu, na takriban theluthi moja imezama ndani ya fuvu. Hivyo haiwezekani kuichukua yote bila kumuua.

Mbuzi na ng'ombe hawana meno ya juu mbele. Ni ugonjwa?

Ni maumbile. Mahali pa meno ya juu pana ufizi mgumu, na majani hukamatwa kati yake na meno manane ya chini. Mawili ya pembeni kabisa katika hayo manane ni chonge lililogeuzwa kuwa jino la mbele. Taya la chini ni jembamba kuliko la juu, kwa hiyo mnyama hutafuna upande mmoja kwa wakati, akilipeleka taya pembeni.

Umri wa mbuzi unakadiriwa kwa jozi za meno makubwa ya mbele: jozi ya kwanza, kati ya miezi 12 na 18, ya pili, karibu miaka 2, ya tatu, karibu 3, ya nne, karibu 4. Ng'ombe huchelewa kidogo mwanzoni, jozi ya kwanza ikitoka akikaribia miaka 2. Wanaokosea sokoni hukosea kwa mambo mawili: kuhesabu meno ya utotoni yaliyochakaa kama ya kudumu (ya utotoni ni madogo na membamba shingoni), na kusahau kwamba malisho yenye mchanga huchakaza meno mapema, mnyama akaonekana mzee kuliko alivyo.

Nitajuaje mla nyama na mla majani kwa taya tupu?

Usianze na machonge, kiboko ana machonge makubwa na anakula nyasi. Tazama bawaba. Kwa simba iko usawa wa mstari wa meno, taya likijifunga kama mkasi kutoka nyuma kwenda mbele, na imechongwa kama mrija uliolala kiasi kwamba kusaga pembeni hakuwezekani. Kwa swala bawaba iko juu sana ya mstari wa meno, hivyo magego yote hukutana kwa pamoja, na ni bapa ili taya lizunguke. Kisha tazama gego la nne dogo la juu na gego kubwa la kwanza la chini: kwa simba, fisi na mbwa ni visu viwili vinavyopishana.

Ndege walipotezaje meno?

Mababu zao walikuwa nayo. Jeni za kutengeneza enameli bado zimo kwa kuku, zimeharibika. Mdomo wa keratini ulichukua kazi, na kusaga kukahamia kwenye firigisi.

Binadamu wa kale alikuwa na taya kubwa. Letu limedogoka kwa nini?

Tarehe 17 Julai 1959, Olduvai, Mary Leakey aliona fuvu lililopewa jina Zinjanthropus, leo Paranthropus boisei, la takriban miaka milioni 1.75. Magego yake ni makubwa mno, enameli nene, machonge madogo. Taya la chini la spishi hiyo lilipatikana mwaka 1964 Peninj, karibu na Ziwa Natron, na mvumbuzi wake ni Kamoya Kimeu wa Kenya. Kwa miaka mingi Zinjanthropus alidhaniwa mvunja karanga, mpaka vipimo vya kaboni ya enameli, vilivyochapishwa 2011, vikaonyesha alikula zaidi nyasi au mafunjo. Ukoo wetu uliukata na kuupika mlo wake nje ya mdomo, na taya likapungua. Gego la mwisho, linalotoka kati ya miaka 17 na 25, hukosa nafasi na kulala ubavu. Watu wengine halioti kabisa.

Mtoto ana uvimbe mweupe kwenye fizi, majirani wanasema ni "meno ya nailoni". Yang'olewe?

Hapana. Tafadhali, msiyaguse. Vile vinundu vyeupe ni vichipukizi vya machonge ya utotoni, vilivyojaa ndani ya ufizi muda mrefu kabla ya kuchomoza, kwani chonge la chini hutoka kati ya miezi 17 na 23. Kila mtoto mzima anavyo. Kuhara na homa vina sababu nyingine, na muda unaotumika kutafuta wa kung'oa ni muda ambao mtoto angepewa maji ya chumvi-sukari na kufikishwa kituo cha afya. Kuchimba ufizi kwa kisu au spoki ya baiskeli huleta kutoka damu nyingi, pepopunda na sumu ya bakteria kwenye damu. Na kwa kuwa chipukizi la chonge la kudumu hukaa jirani kabisa na lile la utotoni, mtoto anayepona huweza kukua bila chonge, au nalo limepinda.

Meno ya kahawia ya watu wa Arusha na Meru yanatokana na uchafu?

Hayatokani na uchafu, na hakuna mswaki utakaoyatoa. Maji ya maeneo ya volkeno ya Bonde la Ufa yana floraidi nyingi. Ikizidi miligramu 1.5 kwa lita, inavuruga seli zinazotengeneza enameli, na seli hizo hufa jino likishatoka, hivyo hakuna marekebisho baadaye. Hatari kwa meno ni tangu utotoni hadi miaka 8 hivi. Kuchemsha maji hakusaidii, kunaikoleza. Magadi ya kupikia nayo huongeza. Kinachosaidia ni chujio la mkaa wa mifupa, mbinu iliyofanyiwa kazi katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, Arusha: madini ya mfupa ni ya aina moja na ya jino, na huinasa floraidi kabla haijafika mdomoni.

Nasafishaje taya la mbuzi kwa ajili ya darasa?

Loweka siku mbili, ukibadilisha maji. Weka kwenye maji lita 5 yenye kijiko kimoja cha sabuni ya unga, pika kwa moto mdogo saa 2 hadi 3 bila kutokota. Kwangua nyama, kisha loweka wiki moja kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya vyombo ili mafuta yatoke. Mafuta yakibaki, mfupa utakuwa wa njano na utanuka. Weupe upate kwa peroksaidi ya asilimia 3 kwa siku moja. Jiki humung'unya mfupa ukawa unga. Kausha kivulini, jua kali hupasua enameli kwa sababu dentini husinyaa upesi kuliko ganda lake.

Meno ya mbele yatadondoka, yana mzizi mmoja mfupi. Yapange kwa zamu juu ya karatasi kabla ya kuyagundisha. Taya litaachana kidevuni kuwa nusu mbili, na hujaliharibu: la mbuzi haliungani kabisa, wakati letu huungana ndani ya mwaka wa kwanza wa maisha. Ukiweza, chagua mbuzi wa mwaka mmoja. Kwangua kwa upole mfupa mwembamba chini ya meno ya mbele ya utotoni, utayakuta ya kudumu yamelala ndani, meupe kabisa, hayajagusa jani.